Kiuno cha Sungusungu

Viganja ndivyo vilivyoanza. Xavérine alikuwa amepiga magoti juu ya paa la ghala kuukuu kule Ndera, aking'oa misumari iliyoshika bati la kileleni, alipohisi viganja vyote viwili vinawasha kana kwamba ameshika upupu. Alivisugua kwenye suruali. Mwasho ukapanda mikononi, ukaingia kwapani, ukatambaa shingoni. Chini yake, kwenye pembe ya kenchi, zile mbao zinazobeba bati, nyigu walikuwa wakitoka na kuingia katika kiota chao cha rangi ya karatasi iliyochakaa, wamekasirishwa na kelele za nyundo. Midomo yake ikaanza kufa ganzi. Miaka ishirini na miwili ya kazi ya mapaa ilikuwa imemfundisha jambo moja kabla ya mengine yote: mwili ukikuambia ushuke, shuka. Aliteremka ngazi kidato kwa kidato, na mguu wake ulipogusa kokoto alijaribu kuita. Sauti ilikataa kutoka.

Léonce, kapita aliyesimamia kazi ile, alimwona anayumba akadhani ni kizunguzungu cha jua. Alipomfikia alikuta uso umevimba, macho yamekuwa mistari miwili, na pumzi inapita kifuani kwa mlio mwembamba. Hakungoja mtu. Alimbeba, akamlaza kwenye kiti cha mbele cha pikapu, akaendesha gari huku mkono mmoja umeshika kola ya Xavérine asije akaanguka mbele. Hospitalini muuguzi alimdunga sindano pajani hata kabla hajauliza jina lake.

"Ni nyigu," Léonce alimwambia daktari. "Wamejaa kwenye lile paa."

Xavérine aliyasikia maneno hayo kama mtu anayesikia redio ya jirani. Pumzi ilikuwa inarudi, kidogo kidogo, na yeye hakutaka kitu kingine chochote.

Daktari aliitwa Mugenzi, kijana aliyekuwa na desturi ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Kesho yake asubuhi alikuja kuketi kando ya kitanda.

"Una mzio wa sumu ya mdudu," alisema. "Ukiumwa tena, mwili utafanya yaleyale, huenda vibaya zaidi. Jana ulifika ukiwa umebakiwa na dakika chache. Safari nyingine gari la huyu ndugu linaweza lisifike."

"Nyigu wameniuma tangu nikiwa mtoto, dakta. Hawajawahi kunifanya hivi."

"Hiyo si kinga. Mtu anaweza kuumwa mara ishirini, ya ishirini na moja ikawa ndiyo hiyo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kaa mbali na nyigu."

Xavérine alitazama dari. Hakuna paa kuukuu lisilo na nyigu katika jiji zima la Kigali. Kumwambia fundi wa mapaa akae mbali na nyigu ni kumwambia akae mbali na mapaa, na daktari alilijua hilo, ndiyo maana hakulimalizia.

*

Nyumbani kwao Nyakabanda, mama yake, Générose, alimpokea kwa uji wa mtama. Wawili hao waliishi peke yao tangu mzee alipofariki. Nyumba ilikuwa ndogo, lakini ua ulijaa kitalu cha miche ambacho majirani walikuja kukiona hata kama hawanunui: miche ya parachichi, marakuja, mawaridi ya rangi nne, yote ndani ya ndoo za rangi zilizokwisha na makopo ya maziwa, juu ya tabaka nene la majani yaliyooza ambayo Générose aliyapika mwenyewe kwa maji na kivuli mpaka yakawa meusi kama kahawa. Alianza na ndoo mbili mwaka waliporudi kutoka Bujumbura. Sasa alikuwa na zaidi ya mia tatu.

Mume wake ndiye aliyemfundisha Xavérine kazi. Kule Buyenzi, mtaa wa Bujumbura walimoishi uhamishoni, binti alianza kumshikia baba ngazi akiwa na miaka kumi na miwili, na alipofika kumi na tisa akawa anapanda mwenyewe. Kisha baba akaanguka. Hakufa. Alivunjika nyonga akaishi miaka tisa akitembelea mkongojo, na kwa miaka yote tisa Générose ndiye aliyemwinua asubuhi na kumlaza jioni. Tangu wakati huo hakuwahi kwenda mahali binti yake anapofanyia kazi. Alipika, alifua, aliuliza kama amekula. Habari za mapaa hakuziuliza.

"Mwanangu," alisema siku ya pili, akiwa ameinama juu ya ndoo ya waridi bila kumtazama. "Kitalu hiki kimenizidi nguvu. Mgongo hauinami tena kama zamani. Ungekaa na mimi hapa chini."

Xavérine aliielewa ile sauti. Haikuwa ya mtu anayeomba msaada wa mgongo.

"Nitakaa, Mama," alijibu. "Jumatatu ya wiki ijayo tunaanza."

Générose aliitikia kwa kichwa. Alipoinuka kuingia ndani, Xavérine alimwona anajifuta macho kwa kiganja chenye udongo, na udongo ukabaki kwenye shavu.

Jioni hiyo Léonce alifika, kofia mkononi. Alikunywa chai, akasifu mawaridi, akazunguka mpaka akakosa pa kuzungukia.

"Nimekutoa kwenye kikosi cha paa," alisema hatimaye. "Nimekuwekea nafasi ya stoo. Utatunza misumari na rangi. Utakuwa kivulini."

"Nani atamalizia kileleni pale?"

"Tutapata mtu."

"Utapata mtu wa kugonga misumari. Pale maji yanaingia kwa sababu kenchi ya tatu imepinda. Umemwambia huyo mtu?"

Léonce aliigeuza kofia yake. "Xavérine, dada yangu, mimi nilikushika kola njia nzima. Nilikuwa nasikia pumzi yako. Sitaki kuisikia tena namna ile."

Wanaume waliomkatalia kazi kwa dharau alikuwa amewazoea, na kila mmoja alikuwa na jibu la kumpa. Huyu alimkatalia kwa upendo, na mbele ya upendo alijikuta hana hata nyundo.

*

Siku ya nne, akiosha miguu kwenye karai, kidole chake kilipita juu ya kipele kigumu, chekundu, kando ya kifundo cha mguu wa kushoto. Katikati kilikuwa na nukta kama ya ncha ya sindano. Vipele vingine vyote vilivyomjaa mwilini siku ile vilikuwa vimepotea bila kuacha alama. Hiki kilibaki.

Alikitazama mpaka maji yakapoa. Siku ile alikuwa amevaa buti za ngozi zinazofika juu ya kifundo, na ndani yake soksi nene za sufu. Nyigu gani huingia ndani ya buti?

Ndipo kumbukumbu ikamrudia, kama kitu kilichodondoka nyuma ya kabati. Asubuhi ile, alipokuwa akifunga ngazi kwa kamba, alihisi mchomo mguuni kama wa mwiba. Alipiga buti yake kwa mpini wa nyundo mara mbili, mchomo ukaacha, akapanda. Dakika kumi baadaye viganja vikaanza kuwasha.

"Mama, nguo zangu za hospitali ziko wapi?"

Zilikuwa juu ya rafu, ndani ya mfuko wa karatasi uleule waliopewa na muuguzi, mdomo umekunjwa mara tatu. Générose alifua kila kitu katika nyumba ile, lakini mfuko huo hakuwa ameugusa. "Sikuweza," alisema tu.

Xavérine aliipindua soksi ya kushoto kwenye mwanga wa dirisha. Kati ya nyuzi za sufu palikuwa na kitu cheusi kilichobanwa, kirefu kiasi cha nusu ya kucha ya kidole kidogo. Kichwa hakikuwepo. Mabawa hayakuwepo. Kilibaki kipande cha kifua, kiuno chembamba, na mkia.

Alikiweka katika kisanduku cha kiberiti, akapanda moto, ile pikipiki ya abiria, mpaka Ndera. Léonce alikiangalia kipande kile kwa jicho moja.

"Nyigu," alisema. "Mabawa yamekatika ulipompiga."

"Au sungusungu."

"Mweusi, kiuno chembamba. Nyigu."

"Sungusungu pia ni mweusi na ana kiuno chembamba, Léonce. Nipatie nyigu wa pale juu, waliokufa, wasiopondeka."

"Wewe hupandi."

"Sijasema nipande."

Léonce alipanda mwenyewe, huku amejifunga taulo usoni, akarudi na nyigu wawili wakavu aliowaokota kwenye vumbi chini ya kiota. Kisha wakazunguka eneo lote wakitafuta sungusungu: rundo la mchanga, matofali, kibanda alichovalia buti, mizizi ya mti uliokatwa. Walifukua kwa koleo karibu saa nzima. Hawakumpata hata mmoja.

"Unaona?" Léonce alisema, na hakuna furaha iliyokuwepo katika sauti yake.

*

Miaka miwili nyuma Xavérine alikuwa ameziba paa la maabara ya chuo kimoja mjini. Wakati wa kazi hiyo mvua ilinyesha ghafla, na mwalimu mmoja mwembamba akakimbia huku na huko akiweka ndoo chini ya kila tone ili makabati yake yasilowe. Makabati hayo yalijaa wadudu waliotungwa kwenye pini. Mwalimu huyo, Trinah, alikulia Kampala, na alikuwa na tabia ya kuwazungumzia wadudu kama watu wa ukoo wake.

"Fundi wangu," alisema alipomwona mlangoni. "Paa halijavuja tangu uondoke."

Xavérine alimweleza kila kitu, kisha akaweka mezani visanduku viwili vya kiberiti. Trinah alivaa miwani, akavuta droo moja ya kabati, akatoa sungusungu mzima aliyetungwa kwenye pini, akampanga kando ya nyigu wa Ndera. Kipande cha kwenye soksi akakiweka katikati yao, kisha akaisogeza hadubini.

"Tazama mwenyewe. Anza na nyigu."

Xavérine aliinamisha jicho. Kitu alichokijua kama kelele na maumivu kilikuwa kimegeuka kazi ya fundi: mabawa yaliyokunjwa kwa urefu kama shuka safi, vipapasio viwili kichwani vilivyopinda taratibu kama fito laini, na kiuno kirefu, chembamba, kinachopanuka polepole mpaka kuwa tumbo.

"Hawa wawili ni ndugu," Trinah alisema kando yake. "Ukoo wa chungu wote ulitokana na nyigu wa zamani sana, waliochagua kukaa ardhini. Mabawa wakayaacha. Sasa huvaa siku ya harusi tu. Lakini sumu, baadhi yao hawakuiacha."

"Mimi nilijua sungusungu huuma kwa meno."

"Meno ni ya kukushikia asiteleze. Akishakushika anapinda mwili na kukudunga kwa mkia, kama nyigu. Na wote wanaodunga, huku na huku, ni majike."

Xavérine alicheka kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitalini.

"Sasa nenda kwa sungusungu," Trinah alisema. "Usiangalie rangi. Rangi ndiyo inayowadanganya watu. Angalia kiuno."

Aliangalia. Alikuwa ametumia maisha yake kutazama mahali ambapo kitu kimoja kinaungana na kingine, kwa sababu hapo ndipo maji hupita. Kiuno cha nyigu kilikuwa kama bomba la mfereji: kilinyooka, kikafunguka bila kukatizwa. Cha sungusungu kilikatizwa. Kati ya kifua na tumbo palisimama kifundo kimoja, wima, kama kigingi kilichopigwa katikati ya njia.

"Ana kifundo," alisema. "Nyigu hana."

"Sasa kipande chako."

Alikisogeza kwa ncha ya kibano. Pumzi yake ilitia ukungu kwenye kioo, ikabidi asubiri ukungu uondoke. Kipande kilikuwa kimepondeka ubavuni, mguu mmoja umening'inia, lakini kiuno kilikuwa salama. Na katikati ya kiuno, wima, palisimama kifundo.

Alitazama tena, na tena. Kisha akampisha Trinah, akasimama dirishani. Alikuwa sahihi. Daktari alikosea, Léonce alikosea, nyigu wa Ndera walikuwa wakijishughulikia tu, na yeye alikuwa sahihi. Tayari alijiona anavyokisukuma kisanduku kile cha kiberiti kwenye meza ya kapita.

"Ni sungusungu," Trinah alithibitisha. "Kama ndiye aliyekudunga, hilo atalisema daktari. Mimi naweza kukuambia ni nani tu. Ulimpata wapi?"

"Kule Ndera. Lakini tulitafuta pale kazini, hatukumwona hata mmoja."

"Huyu hapendi mchanga wala matofali. Anapenda udongo mweusi, wenye unyevu, wenye majani yaliyooza. Chini ya vyungu vya maua, kwa mfano." Trinah aliinua macho kutoka kwenye hadubini. "Buti zako unaziweka wapi jioni?"

Kila jioni alirudi na buti zake nyumbani, zikalala uani, kati ya ndoo za mawaridi, kwa sababu mama yake hakupenda harufu ya lami ndani ya nyumba.

*

Dakta Mugenzi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtoa Xavérine damu ili ipelekwe kupimwa sumu ya nyigu. Sumu ya sungusungu, alisema, hakujua mahali popote inapopimwa. Majibu yangechukua wiki tatu.

"Na wakati huo ukae mbali na wote wawili," alisema.

Xavérine alirudi nyumbani akakuta mama yake amemshonea aproni. Ilikuwa ya kitambaa kigumu cha bluu, mifuko miwili mbele, mmoja wa mkasi na mwingine wa kamba. Pembeni palikuwa na glavu mpya. "Za Jumatatu," Générose alisema.

Alizivaa, zikamtosha. Akasifu mishono. Akala chakula chake chote. Na kwa siku mbili alipita uani kwa hatua ndefu, amevaa viatu vilivyofungwa, akitafuta namna ya kusema jambo ambalo lingeigeuza kila ndoo pale kuwa mshitakiwa. Alikuwa ameutafuta ukweli kwa ajili ya kushinda. Sasa alikuwa nao mkononi, na aliyekuwa anakwenda kushindwa nao ni mtu pekee ambaye hakuwa amegombana naye.

Jumapili baada ya misa aliweka viti viwili ndani, mbali na mlango wa uani.

"Mama, sikuumwa na nyigu."

Alisimulia taratibu, bila kuruka kitu: soksi, kifundo, udongo mweusi, buti. Générose alisikiliza huku akikunja pembe ya kitenge chake na kuikunjua.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema mwishoni.

"Si wewe. Ni mdudu."

"Mdudu aliyelala kwenye ndoo zangu. Nikammwagilia maji. Siku zote nilikuwa naogopa kule juu. Nilikuwa nakuambia ushuke, uje hapa."

"Nilikuwa nakuja, Mama. Jumatatu ningekuja kweli."

"Najua. Ndicho kinachonitisha."

Xavérine alimweleza alichopanga: angetengeneza meza za chuma, miguu yake isimame kwenye makopo ya mafuta machafu, sungusungu wasipande, angemwaga maji ya moto, angejenga ukuta mdogo wa saruji. Alikuwa amechora hata vipimo kwenye karatasi. Générose aliipokea karatasi, akaitazama kwa heshima, akairudisha.

"Meza hutikisika," alisema. "Kopo hukauka mafuta. Na huyo mdudu wako hana haraka."

Asubuhi ya Jumatatu Xavérine aliamshwa na kelele za ndoo. Aliposimama dirishani aliona mama yake, amevaa ile aproni ya bluu na glavu mpya, anabeba miche kuipeleka kwenye mkokoteni uliosimama barabarani. Wanawake watatu wa kwaya walikuwa wanamsaidia. Parokia ilikuwa na kipande cha ardhi chini ya bonde, dakika ishirini kwa miguu, na padri alikwisha kumkubalia.

"Mama, kitalu hiki ni miaka yako yote. Na bonde lile, na mgongo wako?"

Générose alitua ndoo. Alikuwa anahema.

"Miche nilianza nayo kwa ndoo mbili," alisema. "Naweza kuanza tena kwa moja. Wewe sina mbegu yako. Rudi ndani, funga dirisha."

Ilichukua siku sita. Siku ya saba ua ulibaki mtupu, udongo umekwanguliwa mpaka kwenye mwamba, na nyumba ikaonekana kubwa na ngeni, kama uso wa mtu aliyenyoa ndevu. Xavérine alisimama mlangoni akitafuta ndani yake ile furaha ya kuwa sahihi, akaikosa. Mahali pake palikuwa na kitu kizito zaidi na kitulivu zaidi. Mama yake hakuwa ameshindana na ule ukweli hata dakika moja. Alikuwa ameuchukua, akaupakia kwenye mkokoteni, akaanza kusukuma.

*

Majibu ya damu yalipofika, Dakta Mugenzi aliwataka Xavérine na mama yake waje wote wawili.

"Hatukuona dalili ya mzio wa nyigu," alisema. "Lakini sikilizeni vizuri. Kipimo hiki kilitengenezwa kwa nyigu wa nchi nyingine, jamaa wa hawa wetu, si hawa wenyewe. Nikikipa uzito pamoja na ile soksi na kile kipele, naamini aliyekudunga ni sungusungu. Naamini. Sikuapii."

"Kwa hiyo naweza kurudi juu?"

Daktari alivuta droo ya meza. "Kupanda paa siwezi kukukataza tena. Kupanda bila dawa, nakukataza. Na dawa peke yake haitoshi. Lazima awepo mtu karibu anayejua kuitumia, kwa sababu dakika ile wewe hutaweza."

Alifungua kijaluba kidogo: chupa mbili za adrenalini, mabomba ya sindano, pamba. Muuguzi alileta chungwa kutoka jikoni, akawaonyesha namna ya kuvunja shingo ya chupa, kuvuta dawa, kutoa hewa, kushika chungwa kana kwamba ni paja, na kudunga moja kwa moja bila kusita. Xavérine alifanya vizuri mara ya kwanza. Générose alichukua sindano kwa mikono iliyozoea mizizi laini ya miche, na sindano ikapinda kwenye ganda. Akaomba nyingine. Ya pili ikaingia nusu. Muuguzi alisema inatosha, watu wengi huhitaji muda. Générose akauliza kama machungwa yamekwisha.

Njiani walipita sokoni, akanunua kumi na mawili.

Kwa Léonce, Xavérine alikuwa amepanga hotuba. Aliipanga tangu siku ile ya hadubini, na kila siku aliinoa. Lakini alipofika Ndera na kumkuta amekaa juu ya tofali akila mkate, uso umekonda kwa wiki nne za kazi isiyokwenda sawa, hotuba ilimwisha. Alikaa kando yake.

"Uliniokoa," alisema. "Sikukushukuru."

Léonce alitafuna polepole. "Mwalimu wako alisemaje?"

Alimwonyesha karatasi ya daktari. Aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari.

"Inasema anaamini. Haisemi anajua."

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Mimi naamini kuliko yeye. Lakini nimekuja kukuuliza, si kukuambia. Ukisema hapana, nitatafuta mapaa mengine, na hatutagombana."

Aliikunja karatasi, akairudisha. "Kenchi ya tatu," alisema. "Yule mtu niliyempata ameinyoosha mara mbili, na mara mbili imepinda. Na hiyo sindano, nani ataidunga? Mikono yangu inatetemeka hata nikishika kisu cha kunyolea."

"Nitamtafuta mtu wa kukufundisha."

Hakuhitaji kutafuta. Jumatatu iliyofuata, saa mbili asubuhi, Xavérine alikuwa juu ya ghala, buti mpya zimefungwa na suruali imebanwa ndani ya soksi kwa mpira. Kenchi ya tatu ilikuwa imepinda kwa sababu ukuta wenyewe ulikuwa umezama vidole viwili, na alikuwa anaweka kipande cha mbao chini yake aliposikia geti linafunguliwa. Mwanamke mwenye aproni ya bluu aliingia, kikapu kichwani, akitembea katikati ya kokoto kwa tahadhari ya mtu anayevuka mto. Alisimama katikati ya eneo la kazi. Hakutazama juu.

"Kapita ni nani hapa?" aliuliza.

Léonce alivua kofia. Générose akashusha kikapu, akatandika kitenge juu ya rundo la matofali, akapanga machungwa kwa mstari, akawaita na wengine: wapaka rangi wawili, mlinzi wa geti, mwanamke wa zege. Walisogea kwa aibu, wakijifuta mikono.

Nyigu mmoja alipita karibu na sikio la Xavérine, miguu mirefu ikining'inia, akatua kwenye kenchi umbali wa shubiri moja kutoka kwenye mkono wake. Hakuuondoa mkono. Nyigu alitembea juu ya mbao, akasimama, akaanza kuikwangua kwa meno taratibu, akichukua unyuzi wa mbao wa kupeleka kwenye kiota. Xavérine alingoja mpaka akamaliza. Kisha akainua nyundo.

Kutoka chini alisikia sauti ya mtu anayeomba radhi, na chungwa likidondoka kwenye kokoto na kubingirika.

"Liokote," mama yake alisema. "Rudia."